Mtihani Umeangukia Jumamosi

Ijumaa, Nyalenda. Juni 1993. Saa kumi na moja jioni.

Joto la leo limekataa kuondoka. Wadudu wa ziwani wameingia mpaka ndani ya sufuria. Nimefunika kila kitu kwa sahani na bado nawasikia wakigonga bati. Chakula cha kesho kimeiva, mitungi imejaa maji, nguo zimepigwa pasi. Leo ni siku ya maandalio, na tangu nibatizwe sijawahi kumaliza kazi mapema namna hii. Lakini ndani yangu hakuna kilichotulia.

Nina kama saa moja na nusu kabla jua halijazama. Likizama nafunga daftari, maana Sabato ikishaingia hatuandiki mambo yetu. Kwa hiyo nitaandika haraka, na mkono ukikosea, nisamehe, daftari. Shule yangu iliishia darasa la nne.

Wiki hii nimekosea. Wacha nianze na hilo.

Jumatatu nilikuwa nafuta vumbi kwenye meza ambayo Adhiambo anawekea vitabu vyake. Adhiambo ni binti yangu, ana miaka ishirini, yuko mwaka wa pili chuoni hapa mjini. Anasomea elektroniki. Darasa zima ni wavulana, msichana ni yeye peke yake. Somo linalomtoa jasho muhula huu linaitwa mikroprosesa. Aliwahi kuniletea moja iliyoungua nikaiona: kidude cheusi, chembamba, chenye miguu mingi kama jongoo. Eti hicho ndicho kinaendesha kompyuta. Nilikigeuza mkononi nikatafuta mahali pa kukishangaa, sikupaona.

Basi, nilipoinua kitabu, ikaanguka karatasi. Ilikuwa ratiba ya mtihani wa katikati ya muhula. Kiingereza sijui, lakini siku za wiki nazijua. Nikaweka kidole chini ya herufi, nikasoma polepole.

Mtihani wa mikroprosesa ulikuwa Jumamosi.

Nikasoma tena. Nikaenda mlangoni kwenye mwanga nikasoma mara ya tatu. Jumamosi ni Jumamosi.

Sisi ni watu wa Sabato. Mama yangu alikuwa wa Sabato, na mimi ni shemasi katika kanisa letu hapa Nyalenda. Jumamosi sokoni Kibuye meza yangu ya mboga haina mtu, na wateja wangu wote wanajua hivyo. Adhiambo nilimbeba tumboni kwenda kanisani, nikambeba mgongoni, kisha akatembea mwenyewe. Nikarudisha karatasi mahali pake nikasema moyoni, ataniambia. Tutaomba pamoja, halafu atakwenda kwa mwalimu wake aombe siku nyingine.

Jumatatu jioni hakuniambia.

Jumanne tulikula mboga ya osuga na dagaa wa omena tukazungumza habari za bati linalovuja. Hakuniambia.

Mtihani wenyewe si wa kuandika kwenye karatasi peke yake. Wanapewa swali, wanaandika maagizo, kisha wanayaingiza kwenye mashine kwa kubonyeza namba, na jibu linatokea kwenye kidirisha chenye taa nyekundu. Anayeanguka huu wa katikati haruhusiwi kufanya ule wa mwisho wa muhula. Anarudia mwaka. Na baba yake hayupo tena duniani, na wajomba zake kule Kombewa walishasema tangu mwanzo kwamba msichana kusomea nyaya ni kupoteza wakati. Wanangoja tu aanguke.

Nikajiambia, huyu mtoto anaona haya kumkabili mwalimu. Basi mimi mama yake nitakwenda.

Jumatano asubuhi nikafunga kitambaa changu cha kanisani, nikachuma mboga nzuri nzuri, maana huendi kwa mtu mikono mitupu, nikatembea mpaka chuoni. Nikaulizauliza nikafikishwa kwenye chumba kinachonuka ile risasi ya kuungia waya iliyoyeyuka. Mwalimu Njoroge alikuwa ameinamia ubao wenye waya. Ni mtu wa Murang'a, mrefu, miwani yake imefungwa kwa uzi.

"Mama, unatafuta nani?"

"Natafuta mwalimu wa ile mashine inayofikiri."

Akacheka. "Haifikiri, Mama. Inafanya kile umeiambia. Ukiiambia upuzi, inafanya upuzi haraka sana."

Nikamweleza. Akanisikiliza vizuri, hata kalamu akaiweka chini. Halafu akaniuliza kama ni Adhiambo amenituma.

Nikasema ndiyo.

Daftari, naliandika hapa nisilifiche. Nilisema ndiyo. "Amenituma, Mwalimu, yeye anaona haya." Nilikwenda kuilinda amri moja nikavunja nyingine palepale mlangoni, na kitambaa cha kanisa kichwani.

Mwalimu akafungua kitabu chake. Akasema ameshafundisha watoto wa Sabato wengi, hilo halimsumbui. "Sabato yenu inaingia Ijumaa jioni, si ndiyo? Basi atafanya Ijumaa saa mbili asubuhi, peke yake, kabla wengine hawajaingia maabara. Atakuwa na swali lake." Kisha akaitazama mboga. "Na hiyo rudi nayo, Mama. Watu wataniona nabeba osuga wataanza kusema."

Nilirudi nyumbani kama mtu aliyeshinda kesi. Niliimba njia nzima. Hata matope ya Nyalenda sikuyaona.

Jioni Adhiambo alipoingia nilimpa habari kabla hajavua viatu. Nilingoja anikumbatie.

Akakaa chini.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekuombea siku nyingine. Ijumaa. Mwalimu amekubali."

"Zamu yangu ya mazoezi kwenye mashine ni Ijumaa saa nane mchana." Alisema polepole, kama anayemwelekeza mtoto njia. "Mashine nzima ziko tatu. Sisi ni wengi. Nimeigusa mara mbili tu tangu muhula uanze, na hata hizo mara mbili wavulana ndio walikuwa wanabonyeza. Mimi nawasomea namba. Hiyo zamu ya Ijumaa ndiyo ilikuwa yangu peke yangu. Sasa nitafanya mtihani kabla ya mazoezi."

Nikasema, "Lakini Jumamosi..."

"Nani alikuambia nilikuwa siendi Jumamosi?"

Akainuka akaenda kuchota maji ingawa mtungi ulikuwa umejaa.

Kumbe alikuwa ameshaamua. Alikuwa ameamua na akanificha, na mimi nikaona na nikamficha, tukala omena pamoja kila mtu na siri yake mdomoni. Uchungu ulioniingia sikuujua jina. Nilimkasirikia. Halafu nikajikasirikia. Halafu, na hili sijamwambia mtu, nikawaza kile wamama wa kanisa wangesema kama angeonekana Jumamosi anapita barabarani na vitabu. Nilimwaza Mungu baadaye. Kwanza niliwawaza wamama.

Alhamisi sikwenda sokoni.

Maabara siku hiyo ilikuwa ya darasa lingine, hakuna namna ya kuingia. Asubuhi nilimwambia Adhiambo, "Mimi ndiye nimekuharibia. Niambie hiyo mashine inafanya nini, niifanye mimi."

Alinitazama kama nimepandwa na homa. Lakini alikuwa hana njia nyingine. Akachana boksi la sabuni, akachora vibonyezo vyote kwa kalamu, kila kimoja mahali pake. Hesabu yao ni ya ajabu. Inakwenda sifuri mpaka tisa kama yetu, halafu badala ya kumi wanaandika A, kisha B, mpaka F, ndipo wanarudi kwenye moja na sifuri. Nilimwambia waliotunga hivi walikosa kazi. Akacheka kidogo, na mimi nikashukuru kwa hicho kidogo.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Kwenye sakafu ya simenti hapa mlangoni nilichora kwa chaki vyumba vidogo kwa mstari mmoja, kila chumba na namba yake ya mlango. Kuanzia 2000, 2001, na kuendelea. Adhiambo anakaa upande ule na boksi lake, anabonyeza na kutaja. Mimi naandika alichotaja kwenye chumba, na kwenye kibao cha mtoto wa jirani naandika namba ambayo mashine ingeonyesha. Nikawa mashine.

"Tatu E," anasema. Naandika 3E. Hiyo maana yake chukua namba itakayofuata uiweke kwenye mfuko wa A, maana mashine ina mifuko yake ya kushikia namba. "Sifuri tano." Naandika 05. "Sifuri sita." Hiyo ni mfuko wa B. Kisha "nane sifuri," ambayo inasema jumlisha mifuko miwili. Mara ya kwanza alikwenda kama mtu anayetembea juu ya mawe ya mtoni. Mara ya tano alikuwa anatembea. Shida ilikuwa mahali pamoja. Jibu likishapatikana lazima uiambie mashine iliweke chumba gani, tuseme chumba 2050. Lakini mashine haitaki 2050. Inataka 50 kwanza, halafu 20.

"Mkia kwanza, Mama," aliniambia yeye mwenyewe asubuhi. "Kichwa baadaye. Ukikosea hapo jibu linakwenda chumba kingine, na ukifungua chako unakuta takataka."

Alijua. Alinifundisha. Na bado kila akifika hapo vidole vinakimbilia 20.

Mara ya kwanza hakuona. Mara ya pili aliona mwenyewe, akapiga goti lake ngumi. Mara ya tatu mimi ndiye niliyeinua chaki nikakataa kuandika.

"Mbona huandiki?"

"Mashine imekataa. Umeanza na kichwa."

Alitazama boksi, akatazama sakafu. "Aki, Mama," akasema. "Mama!" Na hapo ndipo alipocheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu Jumatano. Baada ya hapo hakukosea tena. Mimi, mtu wa darasa la nne, nilimkamata fundi. Mungu anisamehe kiburi, nilisikia raha.

Jirani yetu Mama Pendo alikuwa anapita na mtungi kichwani kutoka bombani. Akasimama.

"Kwani mmefungua chuo hapa mlangoni? Mama Adhiambo, na wewe utapewa cheti?"

"Mimi si mwanafunzi," nikamjibu. "Mimi ni kompyuta."

"Kompyuta! Basi piga hesabu ya lini utanirudishia ungo wangu."

Alicheka mwenyewe mpaka mtungi ukayumba, maji yakamwagika yakapita juu ya vyumba vyangu vyote. 2000, 2001, 2002, vikaondoka na maji kuelekea mtaroni. Mama Pendo akaanza kuomba msamaha. Lakini Adhiambo alikuwa akitazama simenti iliyolowa.

"Ndivyo inavyokuwa stima ikipotea," akasema. "Hata kwa sekunde moja. Vyote ulivyoingiza vinafutika. Lazima uanze mwanzo."

Nikamwambia stima haitapotea. Nilisema kama mtu mwenye mamlaka juu ya stima.

Leo asubuhi tulitoka nyumbani saa moja kasorobo. Hakunikataza kumsindikiza. Alivaa sketi ya buluu, na njia nzima midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Tatu E. Sifuri sita. Tulipofika getini alinipa mkoba wake nimshikie, akabaki na kalamu mbili. Nilitaka kumwekea mkono kichwani nimwombee. Niliona wanafunzi wanatazama, nikamrekebisha kola tu.

Mlinzi wa getini, mzee mmoja mwenye koti kubwa kuliko yeye, akanipa kipande cha benchi.

"Mama, na wewe una mtihani?"

"Wangu niliufanya Jumatano, Mzee. Nilianguka."

"Pole. Utarudia."

Alikuwa na redio iliyochomekwa ukutani, watu wanasalimiana: fulani wa Ahero anawasalimu fulani na fulani, na wote wanaomjua. Nilijaribu kuhesabu dakika kwa salamu. Sasa anaandika maagizo kwenye karatasi. Sasa amemaliza karatasi, anageukia mashine. Sasa anaingiza. Nilifunga macho nikaingiza naye, chumba kwa chumba.

Redio ikanyamaza.

Mzee akaigonga. "Stima imekwenda," akasema. "Watarudisha."

Naomba nieleze vizuri, kwa sababu tangu nizaliwe stima imepotea mbele yangu mara nyingi na haijawahi kuniuma. Nyumbani kwetu hata hatuna. Ikipotea mjini sisi hatujui. Lakini leo nilisikia maji ya Mama Pendo yakipita juu ya kila kitu. Nilijua ndani ya kile chumba kidirisha chekundu kimekuwa cheusi na mwanangu ameketi mbele yake.

Nikasimama. Nikapita geti, mzee ananiita sikugeuka. Nilikwenda mpaka kwenye mlango wa maabara. Ulikuwa umefungwa. Nilikuwa na maneno tayari kabisa: Mwalimu, si kosa lake, mpe muda, Mwalimu, nakuomba. Mkono ukainuka kugonga.

Ukabaki juu hivyo.

Niliusikiliza ule mlango. Hakuna sauti. Nikawaza, ni kugonga kwako ndiko kulikomleta mtoto huyu hapa leo, saa hii, peke yake, bila mazoezi. Kama ningenyamaza Jumatano, stima hii ingekwenda na yeye angekuwa darasani anaandika.

Nikashusha mkono. Nikarudi benchini. Ni hatua hamsini hivi, na sijawahi kutembea umbali mrefu kuliko ule.

Mzee akaniambia tu, "Kaa, Mama."

Redio ilirudi baada ya muda ambao siwezi kuupima. Watu wa Ahero walikuwa wamemaliza kusalimiana, ilikuwa ni habari.

Saa tatu na robo Adhiambo akatoka. Hakuwa analia. Ningependa angelia, ningejua la kufanya. Alichukua mkoba wake tukatoka barabarani, na tulipopita maduka ndipo akasema.

Alikuwa amemaliza kuingiza yote. Yote, mpaka agizo la mwisho la kuisimamisha. Kidole kilikuwa kinakwenda kwenye kibonyezo cha kuiendesha, mashine ikazima. Iliporudi, Mwalimu akamwambia muda uliobaki ni wake, autumie. Akaanza upya. "Na mikono haikutetemeka, Mama. Hata mkia niliuweka kwanza." Lakini swali lilikuwa refu kuliko yetu ya sakafuni. Muda ulikwisha akiwa amebakiza maagizo manne.

Mwalimu alimwambia hivi: "Nimeona unajua. Lakini siwezi kukupa alama za kitu ambacho sikukiona kikifanya kazi. Nikiandika ya leo, umeanguka. Mchana niko Maseno nafundisha, na Jumatatu asubuhi alama zinatakiwa ofisini. Ninachoweza ni hiki: kesho saa tatu njoo na wenzako, ufanye upya, hii ya leo niichane. Ongea na mama yako."

Ongea na mama yako.

Kwa hiyo mtihani umerudi Jumamosi. Nilikwenda mpaka kwa mwalimu, nikadanganya, nikasumbua watu, nikamtesa mtoto siku mbili, na mtihani umezunguka umerudi kukaa palepale ulipokuwa.

Saa nane alikwenda kwenye zamu yake. Mashine peke yake, saa nzima, hakuna mvulana wa kumbonyezea. Alirudi saa kumi, uso wake umebadilika. Alisema amefanya maswali matano na yote yamejibu. Alisema vidole sasa vinajua njia. Halafu akakaa mlangoni, nami nilikuwa namenya ndizi za kesho.

"Mama, sema kitu."

"Nilishasema Jumatano. Umeona matokeo."

"Sitanii. Niambie niende, au niambie nisiende."

Nilizishika ndizi muda mrefu. Daftari, yalinijia maneno yote. Nilitaka kusema usiende, Mungu atafungua mlango mwingine. Ningelisema kwa imani, lakini najua nusu ya imani hiyo ni kuogopa wamama. Nilitaka kusema nenda, mwanangu, nenda ukimbie. Lakini ningesema hivyo ili nisilale na hatia ya kumwangusha, na hatia ni yangu, si sababu ya yeye kuvunja Sabato. Niliwaza kwenda kwa mzee wa kanisa aamue. Nikajiona tena na kitambaa kichwani, nimesimama mbele ya mlango wa mtu mwingine.

"Sitakuambia uende," nikasema. "Na sitakuambia usiende. Nimeamua kitu chako mara moja bila kukuuliza. Sirudii."

"Na ukinikasirikia?"

"Nitakasirika nikiwa mama yako. Kwani nitakwenda wapi?"

Akainama akaokota ganda la ndizi akalichanachana. Bombani watu walikuwa wanagombania foleni, sauti ya Mama Pendo juu ya wote. Nilimenya ndizi nyingine. Nilimenya mbili.

"Nitaenda, Mama."

Kisu kikasimama.

"Nitavaa nguo za kanisani," akasema. "Naanza saa tatu, saa nne nimemaliza. Kutoka chuoni mpaka kanisani nikikaza mwendo ni nusu saa. Nitawakuta kwenye mahubiri. Sitaki kujificha nyumbani mpaka jioni. Niwekee nafasi."

Nilitaka kumwambia anavyofanana na baba yake akisema hivyo. Nikasema tu, "Benchi la tatu, upande wa dirishani." Akasema, "Najua tunapokaa, Mama." Akaingia ndani kuoga.

Sasa namsikia akijimwagia maji. Jua limefika kwenye ukingo wa bati la jirani. Nina dakika chache na bado sijaandika lile ambalo limenifanya nishike kalamu.

Mwaka jana kulikuwa na mama mmoja kanisani kwetu, Mama Felista. Mtoto wake wa kiume alifanya mtihani wa kazi siku ya Sabato. Mambo yakajulikana. Katika kikao cha wamama mimi ndiye niliyesimama. Mimi, kwa mdomo huu. Nilisema mama anayeshindwa kumshika mtoto wake asishike sahani ya sadaka. Hakuna aliyenipinga. Yule mama hakujibu hata neno moja. Sabato iliyofuata alihamia benchi la nyuma, karibu na mlango, na huko ndiko anakokaa mpaka leo. Nikimpita namsalimia kwa adabu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sikuwahi kumuuliza kile kijana wake alichokuwa anakabiliana nacho. Sikuwahi kumuuliza yeye alilalaje siku ile. Niliona Jumamosi tu, nikasimama.

Sijui kama kesho ni dhambi. Nasema kweli, sijui. Nimeomba leo mara nne na mbingu zimenyamaza kama redio ya yule mzee. Mungu wangu, kama ni dhambi, unajua ilikoanzia. Ilianzia kwangu Jumatano. Iandike kwa jina langu, umwachie mtoto vidole vyake.

Kesho nitatoka mapema. Kabla sijafika kwenye benchi langu nitapita benchi la nyuma, nimwambie Mama Felista kile ambacho nilipaswa kumwambia mwaka mzima, na nimwambie mbele ya yeyote atakayekuwa anasikia, maana nilimvunjia heshima mbele ya watu. Asiponijibu, ni haki yake.

Halafu nitakaa. Nitaweka mkoba wangu pembeni, upande wa dirishani, nafasi ya mtu mmoja. Kanisa litajaa, watakuja kutaka kukaa. Nilifikiri nitasema anaumwa tumbo. Nilifikiri nitasema amekwenda Kombewa kwa wajomba. Nimeshadanganya mara moja wiki hii na inatosha.

Wakiuliza hapa ni pa nani, nitasema ni pa Adhiambo. Yuko kwenye mtihani, anakuja.